Kompyuta mpakato za kazi ya juani

Mhariri,

Wauzaji wengi hutaja RAM na ukubwa wa diski tu. Kwa mchora ramani au mhariri wa video anayefanya kazi nje, swali la kwanza ni mwangaza wa skrini. Niti (kipimo cha mwangaza wa skrini) 300 zinatosha ofisini, lakini juani picha hufifia kabisa. Tafuteni niti 500 au zaidi, na skrini isiyong'aa, maana ile ya kung'aa huakisi anga na uso wa anayeitazama.

Kadi ya michoro inayojitegemea, yaani kifaa cha kuchakata picha kilicho kando na kichakataji kikuu, hula betri haraka, na mashine nyingi huipunguzia nguvu zikitolewa kwenye umeme. Ijaribuni dukani chaja ikiwa imechomolewa! Mashine ikipigwa na jua hupata joto ikajipunguzia kasi, kwa hiyo mwavuli ni lazima.

Mpima ardhi,
Dodoma