Kesi za kete: tizameni hati na bahasha

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wazee ambao vijana wao wameshitakiwa kwa kupatikana na dawa za kulevya. Mara nyingi ukoo mzima huhangaikia dhamana, na hati ya mashtaka haisomwi na mtu. Hati hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Dawa za kulevya si jambo la Muungano. Hapa kwetu inatumika Sheria Nam. 8 ya 2021, iliyoanzisha Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar. Kwa hiyo gramu na vifungo mnavyovisikia kutoka Dar es Salaam visikutisheni wala visikutulizeni. Tizameni kifungu kilichoandikwa, aina ya dawa, uzito, na kosa lenyewe: kupatikana na dawa ni kosa mbali, kusafirisha ni jengine, tena zito zaidi.

Uzito nao una mambo. Kete ni kijinailoni au kikaratasi, na unga wa dawa uliomo ndani ni mchache mno. Kete 30 zikiwekwa kwenye mizani na vifungashio vyake, huo ni uzito mbali. Unga mtupu uzito mwengine. Wakili amuulize Mkemia wa Serikali alipima nini.

Kesi hizi huvunjika zaidi kwenye bahasha. Kete zikishakamatwa zinatakiwa zihesabiwe mbele ya shahidi, ambaye kwetu mara nyingi ni sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa mtaa, zitiwe kwenye bahasha, ifungwe kwa lakiri na kusainiwa, kisha ikabidhiwe kwa mtunza vielelezo, iende kwa Mkemia, irudi, ndipo ifike mahakamani. Kila mkono ulioishika uonekane kwenye karatasi. Fomu ya upekuzi ikisema kete 42 na Mkemia akapokea 40, hapo pameingia shaka, na shaka ni haki ya mshitakiwa. Basi polisi wakija kupekua msizuie na msiguse kitu. Simameni mtizame, hesabuni nao, someni fomu kabla ya kusaini. Idadi ikiwa siyo, semeni pale pale iandikwe. Malalamiko yanayoanza miezi sita baadaye, hakimu huyaona ya kutungwa.

"Kupatikana" maana yake si kuwa karibu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika uamuzi uliochapishwa 1987, ilieleza kwamba lazima ithibitishwe mtu alijua kitu kipo na alikuwa na mamlaka nacho, au kililetwa kwa mwaliko na mpango wake hata kama hakuwepo. Kete zilizookotwa kwenye uwa wa nyumba ya wapangaji watano hazina mwenyewe mpaka upande wa mashtaka umuoneshe. Lakini aliyebeba begi la mtu bandarini Wete ana kazi kubwa ya kueleza kwa nini hakujua kilichomo. Tunawasihi vijana: mzigo usioujua usiubebe.

Linalotuuma zaidi ni neno "kweli". Kijana anasomewa shitaka, anajibu "ni kweli nilikamatwa", akidhani anajibu kwa adabu. Amekiri kukamatwa, hajakiri kosa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa 1973, utaratibu unajulikana: shitaka lielezwe kipengele kwa kipengele kwa lugha anayoifahamu, jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha asomewe maelezo ya kosa na aulizwe kama anayakubali. Akikataa hata jambo moja la msingi, iandikwe kuwa amekana. Akikubali yote akatiwa hatiani, mlango wa rufaa hubana. Kwa kawaida hubaki kulalamikia adhabu tu. Asiyefahamu aseme hajafahamu, asomewe tena.

Kwa anayetumia unga kuna la ziada. Akishikwa na arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, akiwa mahabusu, atasaini karatasi yoyote apate kutoka. Familia iwaambie polisi mapema kwamba ni mgonjwa, iombe apelekwe hospitali kabla ya kuandikwa maelezo, na ihifadhi cheti cha daktari.

Asiye na uwezo wa wakili asikate tamaa. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria Nam. 13 ya 2018, na wasaidizi wa sheria wapo Unguja na Pemba. Mnapokuja, njooni na nakala ya hati ya mashtaka, namba ya kesi na tarehe ya kutajwa.

Wasaidizi wa sheria,
Mjini, Unguja