Barua kwa shoga yangu: Belafonte na makuli wa usiku

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, ila Mama magoti yanamsumbua na hataki kusikia habari za kupunguza safari za sokoni. Barua yako nimeipata. Unauliza ni nani yule mwanamume anayeimba Malaika pamoja na Miriam Makeba, yule mwimbaji wa Afrika Kusini, halafu unalalamika kwamba kikundi chako cha sanaa pale shuleni kimegawanyika: huyu wa kuimba, yule wa kuigiza, na mwimbaji akipewa mistari ya kusema jukwaani ananuna. Basi kaa kitako, maana maswali yako mawili jibu lake ni moja.

Anaitwa Harry Belafonte. Alizaliwa Harlem, New York, tarehe 1 Machi 1927, mama yake Mjamaika, na miaka kadhaa ya utoto wake alilelewa Jamaica kwa bibi yake. Shule hakuimaliza. Akaingia jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili, na aliporudi akawa kibarua wa matengenezo kwenye jengo la wapangaji. Siku moja mpangaji aliyetengenezewa mapazia yake ya vibao akampa bahashishi ya tiketi mbili za tamthilia, katika ukumbi wa wasanii weusi pale Harlem. Akaenda, na tangu usiku ule hakutaka kazi nyingine duniani ila jukwaa.

Huko ndiko alikokutana na Sidney Poitier, ambaye baadaye naye akawa mwigizaji mkubwa wa filamu, wote wawili mifuko mitupu. Walikuwa wakinunua tiketi moja: mmoja anatazama nusu ya kwanza, wakati wa mapumziko anatoka na kumsimulia mwenzake, mwenzake anaingia kutazama iliyobaki. Hili wasimulie wanafunzi wako. Kusimulia onyesho kwa dakika chache ili mtu aingie akijua kila kitu, hilo nalo ni somo la uigizaji, tena la bure!

Sasa sikiliza. Watu wote humtaja kama mwimbaji, kisha wanaongeza: aliigiza pia, alitayarisha filamu pia, alipigania haki pia. Mimi naona wanaanzia mwisho. Belafonte aliimba kwenye vilabu vya New York ili apate ada ya darasa la uigizaji, darasa ambalo Marlon Brando, nyota wa filamu wa baadaye, naye alikuwamo. Uimbaji ulikuwa kibarua. Japo kibarua chenyewe, wallahi, si cha kila mtu: mwaka 1949 alipopanda jukwaani mara ya kwanza katika klabu ya Royal Roost, waliompigia vyombo walikuwamo Charlie Parker na Max Roach, mabingwa wa muziki wa jazz.

Ukitaka kuona mambo yalivyo kinyume, tazama filamu ya Carmen Jones ya 1954. Yeye na Dorothy Dandridge ndio wahusika wakuu, wote wawili waimbaji, na filamu yenyewe ni ya nyimbo. Lakini muziki ule ulikuwa wa opera, kwa hiyo wakubwa wa filamu wakatia sauti za waimbaji wa opera juu ya midomo yao. Mwanamume yule anafungua kinywa, inatoka sauti ya mtu mwingine! Na bado huwezi kuondoa macho kwake, kwa jinsi anavyosimama na anavyomtazama mwanamke. Mwaka huohuo alipata Tony, tuzo kubwa ya tamthilia Marekani, kwa kazi ya jukwaani Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho New York.

Halafu ikaja santuri ya Calypso, 1956. Ilikaa kileleni Marekani wiki 31, na huhesabiwa kuwa santuri ndefu ya kwanza ya mwanamuziki mmoja kuuza nakala zaidi ya milioni. Nyimbo nyingi za humo zilitoka kwa Irving Burgie, ambaye baadaye aliandika maneno ya wimbo wa taifa wa Barbados. Wimbo wa kwanza ndio ule wa Day-O unaopigwa mpaka leo kwenye harusi na mahoteli, watu wakikata viuno bila kujua wanachezea nini. Ni wimbo wa kazi wa Jamaica. Watu wamepakia ndizi melini usiku kucha, kunakucha, wanamwita karani aje ahesabu mikungu ili waende zao nyumbani. Basi. Hakuna mapenzi, hakuna pwani wala mwezi.

Babu yangu, unamkumbuka, alikuwa kuli bandarini hapa. Enzi hizo meli kubwa zilitia nanga mbali, marobota ya mkonge yakipelekwa kwa matishari na kupandishwa huko huko majini. Alikuwa akisema uzito wa robota mgongo unauzoea, lakini kumngoja karani huuzoei, kwa sababu bila kalamu yake usiku wako wote haujafanyika. Mimi nikimsikiliza Belafonte anavyoliita lile neno la kwanza, peke yake, kabla ngoma haijaingia, namsikia mtu anayengoja karani. Hakuwahi kuwa kuli wa ndizi. Aliwaona makuli utotoni, kisha akaigiza. Mwimbaji mwenye sauti tu angeliimba vizuri zaidi, na tusingelimwamini.

Wimbo huo ulirudi kwa wenyewe kwa njia ya ajabu. Vijana weusi na weupe waliokuwa wakipanda mabasi kupinga ubaguzi kusini mwa Marekani waliuchukua, wakatia maneno yao ya uhuru. Naye mwenyewe hakukaa mbali. Alikuwa karibu sana na Martin Luther King, na alichangisha fedha za dhamana watu walipofungwa. Mwaka 1964 yeye na Poitier walibeba dola 70,000 taslimu kuwapelekea vijana wa Mississippi, na magari ya wabaguzi yakawafukuza njiani usiku. Wawili waliogawana tiketi moja!

Na sisi huku tuna deni kwake. Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alipokuwa akitafuta nauli za kuwapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani, Belafonte, Poitier na Jackie Robinson, mchezaji maarufu wa besiboli, walitia sahihi barua ya kuomba michango. Septemba 1959 wakafika New York wanafunzi 81. Makeba naye alipotua Marekani mwaka huohuo, Belafonte ndiye aliyemshika mkono. Santuri yao ya 1965, An Evening with Belafonte/Makeba, ilipata Grammy, tuzo kubwa ya muziki Marekani, na Malaika unayoisikia imo humo. Jina la santuri linakuahidi wawili, lakini wanaimba pamoja nyimbo mbili tu, hiyo ikiwa mojawapo. Lafudhi yao si ya pwani, hilo nakubaliana na Mama, ila yeye akiusikia haachi kuufuatiza.

Mengine ni marefu: wazo la wasanii kuimba pamoja kwa ajili ya njaa ya Ethiopia mwaka 1985 lilianzia kwake, kisha akawa balozi wa UNICEF. Alifariki 25 Aprili 2023, umri miaka 96.

Usiwafiche wanafunzi kwamba Watrinidad walimnung'unikia. Calypso ni muziki wao, wa kisiwa chao cha Trinidad, na huyu mwenye asili ya Jamaica akavikwa taji la mfalme wa calypso. Mwenyewe alilikataa taji hilo, lakini mauzo hayakungoja maoni yake. Nadhani walikuwa na haki ya kununa.

Yule binti yako anayesusa mistari, mpe Day-O aiseme bila kuiimba, uone. Na uje Tanga likizo hii, Mama ameshaanza kuuliza utakula samaki gani.

Wako akupendaye,
Shogayo