YAH: Mafuta ya cherehani kwenye mkono wa gramafoni yangu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Kwa heshima zote, hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza mlizijibu kwa sentensi moja moja, kwa hiyo hii nimeirefusha ili msikose cha kusoma.

Masharti yenu ya dhamana mnayajua kuliko mimi. Seti ya maboresho mliyoniuzia kwa ajili ya mkono wangu unaoelea juu ya hewa mnaijua pia: fimbo ya kaboni inayobeba sindano, waya mpya, pampu yenye presha kubwa zaidi na tenki lake la hewa. Sina haja ya kuwasomea orodha yenu wenyewe. Nataka mjue kilichotokea mezani kwenu siku niliyokuja kuchukua mzigo wangu.

Fundi wenu alinitolea gramafoni, mkono ukiwa umeshafungwa. Akawasha pampu, akausukuma mkono kwa kidole kuona kama unatembea. Ulitembea, ila karibu na mwisho wa safari ukasita kidogo. Akavuta droo, akatoa kichupa cha mafuta ya cherehani, na kabla sijafungua mdomo akadondosha matone matatu juu ya bomba ambalo mkono hutembea nalo. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hapo hapatiwi mafuta." Akanijibu mbele ya wateja wengine wawili: "Mzee, kila kinachotembea kinahitaji mafuta." Wakacheka. Na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe, kwa sababu nilidhani huenda kuna kitu anakijua ambacho mimi sikijui.

Hakukuwa na kitu. Bomba la mkono huu haligusani na chochote. Linaelea juu ya hewa inayotoka kwenye vitundu vya beringi, yaani kishikio kinacholizunguka, katika nafasi nyembamba kuliko unywele. Alama ya kidole tu inatosha kulikwamisha, ndiyo maana husafishwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, basi, hakuna kingine. Mafuta yakiingia humo yanaziba nafasi ya hewa, yananata, yanakusanya vumbi. Hili limo kwenye kitabu cha maelekezo mnachokiweka ninyi wenyewe ndani ya boksi.

Huenda fundi alidhani anashika mkono wa mota. Ipo ya namna hiyo, kama ile ya gramafoni ya Beogram 4000 ya mwaka 1972, ambako mota ndiyo inayousogeza mkono. Wangu hauna mota. Kinachousogeza ni mfuo wa santuri, kile kijifereji ambamo sindano hupita, kupitia sindano yenyewe. Maana yake kila mkwamo, hata wa uzito wa unyoya, inayolipa ni sindano.

Na ililipa. Nilipofika nyumbani niliweka santuri ninayoijua neno kwa neno, nikapiga magoti na tochi. Nilikiona kijiti kinachobeba sindano kimepinda kuelekea katikati ya santuri, huku mkono mzima umebaki nyuma. Sindano inakwenda, mkono hauendi. Ilipofika wimbo wa pili, mfuo mmoja ukaanza kujirudia, neno lile lile, mpaka nikanyanyua kwa mkono. Santuri ile tundu lake limekaa kombo kidogo, kwa hiyo mkono huyumba kulia na kushoto mara moja kila mzunguko, mara 33 na theluthi kwa dakika. Zamani uliyumba kimyakimya. Sasa kila mara ni kama kumburuta mtu aliyelala.

Kabla sijasahau, waya. Upande wa kulia wa sauti mmefunga mwekundu mahali pa wa kijani, na wa kijani mahali pa mwekundu. Sikuhitaji kipimo kugundua: besi ilipotea, na sauti ya mwimbaji, ambayo kwa kawaida husimama katikati ya spika mbili, ilikuwa imetawanyika kila kona kama imetoka chooni. Nilirekebisha mwenyewe kwa koleo ndogo, dakika kumi, nikitetemeka nisivunje pini za katriji, kile kichwa kinachoshika sindano. Waya wenyewe ni mgumu mno. Kwenye mkono wa namna hii waya unatakiwa uwe mwembamba na uning'inie legelege. Wenu unauvuta mkono kurudi nyuma kama mbuzi anayevutwa kamba. Na hiyo ndiyo mliyoiita "waya ya daraja la juu".

Pampu ni nzuri, nakiri. Presha ikipanda beringi inakaza na besi inatulia, na tenki linameza mapigo ya pampu yasifike kwenye sindano. Kwa siku mbili nilizoitumia kwa mkono wa zamani, kabla sijawaletea, nilisikia mambo kwenye santuri zangu ambayo sikuwahi kuyasikia. Ndiyo maana nikawaamini na kazi iliyobaki. Mgema akisifiwa, mnajua wenyewe anachokitia.

Wiki moja kabla ya siku ile ya mafuta, nilipoleta gramafoni, nilimuuliza fundi yule yule pimamaji yake iko wapi. Mkono wa hewa usipokaa sawa kabisa unateleza wenyewe, ama kuingia ndani ama kutoka nje, na sindano inasukumwa upande mmoja wa mfuo. Akanijibu kuwa meza ya duka iko sawa. Meza ya duka! Gramafoni yangu haitaishi kwenye meza ya duka. Ningeondoka na mali yangu siku ile ile. Sikuondoka, na hilo ni kosa langu pekee katika habari hii yote.

Sasa jibu lenu la mwisho. Mmeandika kuwa dhamana imefutika kwa sababu kifaa "kimefanyiwa mabadiliko." Nimelisoma mara nyingi, nimelisoma kwa sauti, nimempa mke wangu alisome. Mabadiliko hayo mliyauza ninyi. Mliyafunga ninyi. Stakabadhi ina muhuri wenu. Mnanifutia dhamana kwa kununua bidhaa yenu na kuwalipa muifunge?

Halafu mnasema hakuna ushahidi kuwa mafuta yalitiwa kwenu.

Basi turudi mezani. Nilikuwa nimesimama umbali wa mkono mmoja. Kichupa kilikuwa cha plastiki, kina mdomo mrefu mwembamba, na fundi alikibonyeza kwa kidole gumba. Tone la kwanza lilitua katikati ya bomba likaanza kutambaa. La pili likaangukia karibu na mdomo wa beringi. Hapo ndipo niliponyoosha mkono kumzuia, na jambo hili sikuliandika katika barua zangu mbili za mwanzo kwa sababu nilikuwa naona aibu: aliusukuma mkono wangu pembeni. Polepole, bila ubaya, kama unavyomzuia mtoto asishike sufuria. Kisha akadondosha la tatu. Nikasema hapatiwi mafuta. Akasema, "Mzee, kila kinachotembea kinahitaji mafuta," na alilitamka hilo "mzee" kwa namna ambayo si ya heshima. Mmoja wa wateja alicheka mpaka akashika meza. Fundi akausukuma mkono tena, ukateleza mpaka mwisho bila kusita, akaniangalia kana kwamba kesi imekwisha. Bila shaka uliteleza. Mafuta yalikuwa bado mabichi na kidole chake kina nguvu mara elfu kuliko mfuo wa santuri.

Mnataka ushahidi? Someni karatasi ya kazi mliyonipa, mstari wa nne, kwa mwandiko wa fundi wenu: "Imesafishwa na kutiwa mafuta." Ameandika mwenyewe. Kwa kujivunia.

Katika barua ya kwanza niliomba kitu kidogo: mnisafishie beringi na mnipe waya laini. Katika ya pili niliomba beringi mpya. Mngelikubali lolote kati ya hayo, leo ningekuwa nasikiliza muziki badala ya kuandika. Sasa nataka yafuatayo. Beringi mpya pamoja na bomba lake, vyote viwili, kwa sababu hupimwa kwa pamoja na havichanganywi. Katriji mpya, kwa kuwa kijiti kile tangu siku ile hakijanyooka. Fedha yote ya ufungaji irudi. Kazi ifanyike nyumbani kwangu, mahali gramafoni inapokaa, na fundi mwingine, mwenye pimamaji. Yule wa kwanza asiguse kitu changu tena.

Nilikuwa nimeishia hapo. Nimeisoma barua tangu mwanzo, damu imechemka upya, kwa hiyo naongeza: nataka barua ya kuomba radhi, yenye sahihi yako wewe Meneja, itakayosema wazi kuwa mafuta yalitiwa mezani kwenu na kwamba mteja aliwaonya. Wateja wale wawili waliocheka siwajui na siwezi kuwafuata, lakini barua hiyo nitaiweka.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Siku ya 15 nitapeleka mkono huu, kama ulivyo, kwa mamlaka inayolinda walaji, na nakala zote kwa wakili wangu, ambaye kwa bahati mbaya yenu naye ana gramafoni. Msinipigie simu. Kila nikipigiwa naambiwa kuwa mhusika ametoka kidogo, na mimi nimechoka kusubiri watu waliotoka kidogo. Andikeni.

Ni mimi mteja wenu, ambaye stakabadhi yake mnayo.

Viambatisho: nakala ya karatasi ya kazi, mstari wa nne ukiwa umepigiwa kalamu, picha tatu za kijiti cha sindano, kitambaa cheupe nilichofutia bomba, ndani ya mfuko wa plastiki. Msiufungue karibu na nguo nzuri.