Kabla ya kuinua gari lako, jua kwanza uzito linaobeba

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa wasomaji ili nizungumzie jambo linalowagusa wengi wanaoendesha Prado, Hilux, Land Cruiser au Jimny hapa Bukavu, magari ambayo siku hizi hayakai muda mrefu mikononi mwa mwenyewe kabla ya kupelekwa gereji yakainuliwe, yaani yaongezewe kimo kutoka ardhini. Siwapingi wanaoinua magari yao, kwa maana barabara zetu zinawapa sababu ya kutosha. Aliyewahi kushuka Cimpunda baada ya mvua ya Novemba, au kupanda kuelekea Walungu nyuma ya lori lililochimba mifereji miwili katikati ya njia, anaijua sauti ya jiwe linalokwaruza tumbo la gari, na anajua jinsi moyo unavyoruka anapoisikia. Ninachokipinga ni desturi ya kuchagua kimo kwanza na kuyaacha mengine yote kwa fundi, hasa kwa gari linalofanya kazi kila siku, linalopeleka watoto shuleni asubuhi na kumrudisha bibi kutoka hospitali jioni.

Nasema hivi kwa sababu nilikosea mwenyewe. Nina Prado ya mwaka 2004, na safari zangu ni zilezile: Panzi hadi Nyawera siku za kazi, na mara mbili kwa mwezi Walungu kwa wazazi. Katika gereji moja, ambayo sitaitaja, niliulizwa swali moja tu: "Unataka sentimita ngapi?" Nikajibu nane. Mbele viliwekwa vipande vya chuma juu ya springi, zile tunazoziita resori, na nyuma zikafungwa springi ndefu na ngumu. Jioni ile nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Miezi mitano baadaye, nilipochuchumaa kukagua tairi la mbele, nikakuta girisi nyeusi imerushwa ndani ya rimu, nzito, imeshika mchanga, na mpira ule wenye mikunjo unaofunika kardani, yaani mhimili unaozungusha gurudumu, umechanika kwenye mkunjo wa tatu. Upande wa pili ulikuwa umeanza kupasuka vilevile.

Sababu yake si fumbo. Katika Prado kama yangu na Hilux nyingi za karibuni, kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake, nalo hupokea nguvu kwa kardani inayotoka kwenye difu, lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, iliyofungwa katikati ya gari. Ukiinua mwili wa gari, difu hupanda pamoja nao, lakini gurudumu hubaki ardhini, na kardani inalazimika kufanya kazi ikiwa imeinama daima. Mipaka iliyozoeleka kwa magari ya namna hiyo ni sentimita 5 hivi. Ukiipita, mpira wa kardani na rotuli za juu, vile viungo vya duara vinavyoruhusu gurudumu kugeuka, huanza kulipa gharama. Tena kipande kinachowekwa juu ya springi hudanganya macho: kwa jinsi mikono ya chuma inayoshika gurudumu kwa chini ilivyofungwa, kipande cha sentimita 4 huinua gari karibu mara mbili ya unene wake. Mwenye gari anaona kidude kidogo mezani kwa fundi, hajui kwamba amekwisha kuupita mpaka.

Kuna jambo jingine ambalo laiti ningeambiwa mapema. Nyuma ya Prado, kama nyuma ya Hilux na Land Cruiser 79, kuna ekseli nzima, mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili, yenye difu katikati yake, na ekseli hiyo haiinuliwi na springi hata kidogo, kwa kuwa inakaa juu ya magurudumu, si juu ya springi. Unaweza kulipandisha gari hadi watoto wahitaji ngazi, na lile bonge la difu litabaki umbali uleule kutoka kwenye mawe. Kinacholiinua ni tairi peke yake, na hilo kwa nusu tu ya kinachoongezeka katika kipenyo. Kutoka tairi la 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo huongezeka kama milimita 26, kwa hiyo difu hupanda milimita 13. Ni kidogo, na bado mshale wa mwendo utasoma pungufu: ukisoma 60, unakwenda 62. Kuinua springi kunasaidia tumbo, bampa na vizingiti vya milango, na hayo si haba. Lakini ikiwa kinachogonga ni difu ya nyuma, sentimita nane zangu hazikunisaidia kitu.

Sasa nije kwenye milima, maana hapa ndipo shauri la watu wa nchi tambarare linapokoma kutufaa. Bukavu tumeijenga juu ya rasi na miteremko, na mara nyingi barabara imeliwa na maji upande mmoja, ikabidi gari lipite likiwa limelala ubavu, magurudumu mawili mtaroni na mawili juu ya ukingo. Chukueni mfano wa gari ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana kwa sentimita 156, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 75 kutoka ardhini. Nusu ya upana ni 78. Ukigawa kwa 75 unapata 1.04, maana yake gari lililosimama lingepinduka kwenye mwinamo wa digrii 46 hivi. Kipandishe kitovu hicho kwa sentimita 4, unapata 0.99, kipandishe kwa 10, unashuka hadi 0.92, yaani chini ya digrii 43. Ni kweli kwamba ekseli na magurudumu hayapandi, kwa hiyo kitovu hakipandi sawasawa na mwili. Ni kweli pia kwamba gari linalotembea, lenye keria ya mizigo iliyopakiwa juu na springi zinazolala upande wa chini, hupinduka mapema zaidi kuliko hesabu hii. Anayepita mteremko wa Ngomo kwenda Kamanyola, ambako upande mmoja ni ukuta na mwingine ni hewa, hana ruhusa ya kuzichezea digrii hizo tatu.

Kwa hiyo swali ambalo fundi alipaswa kuniuliza ni hili: gari hili hubeba nini siku ya kawaida? Springi huchaguliwa kwa uzito. Ngao ya chuma ya mbele, keria, madumu mawili ya maji ya lita 20, abiria watano: hayo ni mamia ya kilo, na ikiwa yapo kila siku, springi nzito ina haki yake. Lakini ukifunga springi ya mzigo wa kudumu kwenye gari ambalo mara nyingi hubeba dereva na mtoto mmoja, gari litadunda juu ya kila jiwe, tairi litaachana na ardhi, na breki haziwezi kuzuia tairi lililo hewani. Amotisa nazo, zile zinazotuliza mdundo wa springi, lazima ziandamane na springi kwa nguvu na kwa urefu. Springi ngumu yenye amotisa ya zamani hurusha gari kama kitanda cha kamba, na amotisa fupi chini ya springi ndefu hugonga mwisho wake kila gurudumu linapoingia shimoni.

Kabla ya hayo yote, pimeni. Chukua futi ya fundi nguo, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, kisha linganisha na vipimo vya gari lilipotoka kiwandani. Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika, na springi zake zimekwisha kuchoka. Kufunga springi mpya za kawaida peke yake kunaweza kurudisha sentimita mbili au tatu zilizopotea, na wapo ambao hawahitaji zaidi ya hapo.

Juu ya breki nitasema kifupi, ila naomba nisikilizwe. Hilux nyingi za zamani zina vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti, nayo hutambua mzigo kwa kuangalia nyuma ya gari imeshuka kiasi gani. Gari likiinuliwa bila kijiti hicho kurekebishwa, vali hudhani gari ni tupu, ikazipunguzia breki za nyuma nguvu hata likiwa limejaa watu. Jirani yangu aliligundua hilo akiteremka kuelekea Nyangezi na magunia ya mihogo, na namshukuru Mungu kwamba ukuta wa udongo ulikuwa upande wa kulia. Mipira inayopitisha mafuta ya breki nayo ikaguliwe gurudumu likiwa linaning'inia, isiwe imevutwa kama uzi.

Mimi nimetoa vipande vile vya chuma. Nimefunga mbele springi za sentimita 4 na amotisa za kuandamana nazo, nyuma springi za mzigo wa wastani, kisha nikapeleka gari magurudumu yake yapangwe yaelekee sawasawa, kazi ambayo mara ya kwanza haikufanywa kabisa na ambayo ilikula tairi mbili kwa ndani. Mama mkwe wangu sasa anapanda bila kushikwa mkono. Taa bado zilikuwa zikiwapiga machoni waendesha pikipiki, kwa sababu pua ya gari imepanda, basi jioni moja nikalisimamisha mbele ya ukuta wa jirani, fundi akazishusha kwa bisibisi hadi mstari wa mwanga ukarudi chini ya kimo cha taa zenyewe. Kazi ya dakika kumi, na hakunitoza kitu.

Msomaji wenu,
Panzi, Bukavu