Fundi akikuletea Linux mpya, muulize kama ni beta

Mhariri,

Mimi niko na saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu, kompyuta sita tu, na naomba wenzangu wa saiba, hata walimu wanaowekewa kompyuta shuleni, kabla fundi hajachomeka flashi yake wamuulize, hiyo Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) ishatoka rasmi ama bado ni beta, yaani inajaribiwa?

Mimi sikuuliza. Fundi alisema hii ni mpya kabisa, wengi hata hawajaiona, na mimi nikajiona mjanja. Wiki mbili ilikuwa tamu, inawaka chap chap, wateja wanasifu. Ikafika tarehe 29 Juni, na mnajua siku hiyo ikoje, kila mtu ndio amekumbuka ritani za KRA mwisho ni kesho, foleni imefika hadi kwa muuza smoki, mimi nikabonyeza apdeti (nani hufanya hivyo siku kama hiyo?), kuwasha tena printa haionekani popote. Watu wakahamia ng'ambo ya barabara. Nilimaliza kurudisha ile ya zamani saa nane usiku.

Kuna wale husema beta wanaitumia kila siku na haina neno. Sawa, lakini hao wakikwama wanajua kujitoa na wana laptopu nyingine kando. Siwadharau, wanatusaidia sana. Machi 2024 mmoja wa aina hiyo, Andres Freund, injinia wa Microsoft, aliona tu kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao) kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba mpaka akapata mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana faili iliyo kwa Linux nyingi, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Na zilikuwa zishafika wapi? Kwa Debian za majaribio, na kwa Fedora 40 iliyokuwa bado beta, zote ni aina za Linux. Debian ya kawaida, ile watu huita stebo, haikuguswa, na Ubuntu, aina nyingine ya Linux, wakasukuma beta yao ya 24.04 mbele wiki moja wakijenga vitu upya.

Siku hizi naweka Ubuntu LTS, ile rasmi ya kukaa nayo muda mrefu, hutoka Aprili kila baada ya miaka miwili na apdeti zake ni za miaka 5. Haina mapambo mapya lakini inaprinti.

Fundi amenipigia juzi, ana nyingine kwa flashi. Nimemwambia alete, tutaiweka kwa ile laptopu yangu ya nyumbani yenye skrini imepasuka.

Mwenye saiba,
Kondele, Kisumu