Mada ya mazungumzo yetu yajayo: Belfast
Ndugu wanakikundi,

Safari hii tutaitazama Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini ambao, ingawa Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 1998 ulikomesha kwa sehemu kubwa machafuko ya nchi hiyo yaliyoua watu wapatao 3,500, bado una kuta zinazotenganisha mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, baadhi zikiwa na mageti yanayofungwa usiku. Kuta za kwanza zilijengwa 1969 kama hatua ya muda tu. Naomba tusiharakie kuwalaumu wakazi wanaosita kuzibomoa, kwani aliyewahi kurushiwa mawe uani huhesabu ukuta kuwa usingizi wake. Kinachonihuzunisha zaidi ni shule: watoto wengi bado husoma kwa kutengana kidini, ingawa shule ya Lagan College ilianza kuwafundisha pamoja 1981. Tafadhali njooni na maoni kuhusu hilo.