Kuhusu kuandika lugha ya alama: kikao cha Jumamosi

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Nimesoma hoja zenu zote kuhusu pendekezo la kuwafundisha watoto viziwi kuandika lugha ya alama. Hofu ya kuwaongezea watoto mzigo naielewa, maana mitaala tayari imejaa.

Ila hii si michoro ya kubuni. Mfumo wenyewe wa kuandika ishara kwa alama, SignWriting, ulianzishwa mwaka 1974 na Valerie Sutton, Mmarekani aliyekuwa akiandika miondoko ya ngoma. Watafiti wa Denmark ndio waliomwomba aandike ishara. Nchini Nicaragua umefundishwa shuleni kwa watoto viziwi, na tangu 2015 alama zake zimo katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta.

Kiganja kikikuelekea, alama ya mkono huwa nyeupe; ukiona mgongo wa mkono, huwa nyeusi. Uso ni duara, na nyusi huandikwa pia. Hapo ndipo nilipovutiwa: nyusi hubeba swali, na Kiswahili cha ubaoni hakizionyeshi.

Mliosema video zinatosha, mtoto hawezi kusahihisha sentensi yake mwenyewe ndani ya video. Kwenye daftari anafuta, anaandika upya. Kiswahili kitaendelea kufundishwa kama kawaida.

Tukutane Jumamosi saa nne asubuhi. Mwenzetu kiziwi ndiye atakayeongoza, mkalimani atakuwepo. Leteni penseli na maswali magumu.